Tusimlaumu Mama Samaki

Ndugu mmoja mfanyakazi alitujia siku hizi chache zilizopita akiwa na malalamiko. Amenunua samaki wadogo wa mapambo wajulikanao kwa jina la gapi, akawaweka katika tangi la kioo sebuleni ili watoto wake wapate kujifunza na kuburudika. Jioni moja samaki jike alizaa, na watoto wakahesabu vifaranga 34. Kulipopambazuka walikuwa wamebaki 5. Ndugu yetu alitaka tuandike juu ya ukatili wa mama alaye wanawe. Tumekubali kuandika, lakini hukumu yetu haitakuwa ile aliyoitazamia.

Gapi asili yake ni maji ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini pamoja na visiwa vya karibu kama Trinidad. Jina hilo latokana na bwana mmoja, Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad. Na mwaka 1866 mtaalamu wa samaki Albert Günther akampa samaki huyo jina la bwana huyo. Baadaye ilidhihirika kwamba mtaalamu mwingine, Wilhelm Peters, alikwisha kumwandika samaki yuyo huyo mwaka 1859, hivyo jina la Günther likaachwa vitabuni. Midomoni mwa watu limedumu.

Samaki huyu hatagi mayai. Mayai hukua ndani ya tumbo la mama kwa muda wa majuma matatu au manne hivi, ikiwa maji yana joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, na vifaranga huzaliwa wakiwa hai, wenye macho, tayari kuogelea na kutafuta chakula. Tena jike aweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa. Wapo wanunuzi waliomchukua jike mmoja peke yake dukani, akazaa, kisha akazaa tena, wakadhani wameona muujiza.

Lakini kazi ya mama huishia hapo. Hana desturi ya kulea, wala hatambui kwamba kile kitu chenye urefu wa milimita 6 au 7 kinachopita mbele ya kinywa chake ni mwanawe. Mtoni jambo hili halikuwa na ubaya mkubwa, kwa kuwa kifaranga hukimbilia katikati ya majani na mizizi, na mama huenda zake. Ni sisi tuliomtia mama na watoto katika kioo kitupu, chenye changarawe na mashua ya plastiki, mahali pasipo hata upenyo wa kujificha. Kisha twastaajabu kuona vifaranga wametoweka. Twaona ni vema lawama imwendee mwenye tangi.

Dawa yake si ghali. Yafaa tangi litiwe majani mengi membamba yaliyosongamana, mengine yakielea juu, maana vifaranga hupenda kukaa karibu na uso wa maji. Mama apewe chakula cha kutosha. Dalili za mimba ni tumbo kujaa hata likaonekana lina pembe, na lile doa jeusi karibu na mkia kupanuka. Wengi wakisha kuona dalili hizo humkamata mama saa za mwisho na kumfungia katika kijisanduku chembamba. Kwa hakika hiyo ni adhabu. Hofu yaweza kumfanya azae kabla ya wakati, na pengine hata kufa. Akitakiwa kuhamishwa, ahamishwe mapema, katika chombo chenye nafasi na maji yale yale aliyoyazoea, na arudishwe akisha kuzaa.

Vifaranga hawana budi kulishwa kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, chakula kilichosagwa kuwa kama vumbi. Kiini cha yai lililochemshwa chafaa, ila chembe ndogo tu, kwani kilichobaki huoza na kuwaua wote. Mdomo wa pampu ya kuchuja maji ufunikwe kwa sifongo, la sivyo utawameza kabla ya mama. Maji yabadilishwe robo tu kila juma. Kuyamwaga yote ni kosa, kwa kuwa mabadiliko ya ghafula huwadhoofisha samaki. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwanza katika ndoo wazi siku nzima. Wakazi wa pwani wamejaliwa joto, lakini huko Njombe au Nairobi usiku wa baridi wahitaji chombo cha kupasha maji moto.

Baada ya mwezi mmoja hivi madume huanza kutambulikana kwa pezi la chini kuwa refu na jembamba. Watengwe wakati huo. Asiyefanya hivyo atakuwa na samaki asiojua pa kuwapeleka, na hapo ndipo huanza kosa kubwa kuliko yote, yaani kuwamwaga mtaroni au mtoni. Ni kweli kwamba gapi hula viluwiluwi vya mbu, na nchi nyingi zilimsambaza kwa sababu hiyo. Lakini hula pia mayai na vifaranga wa samaki wengine. Katika vidimbwi vya masika vya Unguja yupo samaki mdogo wa rangi za kupendeza, Nothobranchius guentheri, aliyepewa jina la yule yule Günther. Mayai yake huvumilia kiangazi chote ndani ya udongo mkavu, yakingoja mvua. Hatutaki akitoka huko awe kitoweo cha mgeni wa sebuleni. Wanaozidi wapewe majirani, au watiwe katika pipa la maji ya bustani lisilo na njia ya kutokea mtoni.

Ndugu yetu amekwisha tia majani katika tangi lake. Jike, asema, ana doa jeusi tena.