Fedha na Ubia katika Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu: Mfano wa CCBRT

CCBRT ni shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa Tanzania mwaka 1994, na hospitali yake iko Msasani, Dar es Salaam. Hutibu mtoto wa jicho, mdomo sungura, nyayo za kupinda na fistula ya uzazi, na hutoa huduma za utengamao na viungo bandia. Wengi wanaozihitaji zaidi hawamudu gharama halisi ya tiba, kwa hiyo shirika kama hili hulazimika kuchota fedha kwenye visima vingi kwa wakati mmoja, na kila kisima kina masharti yake.

Kisima cha kwanza ni mashirika ya hisani ya nje. CBM ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1908, na Light for the World ya Austria ni miongoni mwa walioisaidia CCBRT. Fedha za aina hii kwa kawaida hutolewa kwa mradi maalumu: idadi fulani ya upasuaji, mkoa fulani, muda fulani. Mfadhili hupenda kipimo kinachohesabika, na hapo hana kosa, kwa kuwa naye ana wachangiaji wa kuwajibika kwao. Tatizo ni kwamba umeme, mshahara wa mhasibu, matengenezo ya mashine na mafuta ya gari havihesabiki hivyo. Shirika lenye miradi mingi lakini lisilo na fedha huru za uendeshaji huwa na vyumba vya upasuaji vinavyong'aa na ofisi inayodaiwa.

Tiba ya nyayo za kupinda inaonyesha jambo hili vizuri. Kwa njia ya Ponseti, mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa hogo kila wiki. Baada ya kufungwa mara tano au sita hivi, kano ya kisigino mara nyingi hukatwa kwa upasuaji mdogo, na hogo la mwisho hukaa wiki tatu. Mguu unakuwa umenyooka, na ripoti nyingi za miradi huishia hapo. Lakini mtoto anatakiwa avae viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma usiku na mchana kwa miezi mitatu hivi, kisha kila anapolala hadi afikishe umri wa miaka minne au zaidi. Mguu unakua, viatu vinabana, vingine vinatakiwa. Mama atokaye mbali anahitaji nauli kila anapoitwa kliniki. Akikosa kurudi, mguu hupinda upya. Mfadhili anayetoa fedha za mwaka mmoja kwa tiba ya miaka minne huwa amegharimia mwanzo tu.

Suala la nauli lilijitokeza waziwazi kwa wagonjwa wa fistula. Upasuaji ulikuwa bure, ilhali wanawake wengi wa vijijini hawakufika kwa sababu hawakuwa na nauli ya basi. Kuanzia 2009 CCBRT ilitumia M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu: balozi wa kujitolea humtambua mgonjwa kijijini, hospitali inathibitisha maelezo yake, nauli inatumwa kwa simu, na mgonjwa akishafika balozi hupewa malipo madogo. UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, na Vodafone Foundation ni miongoni mwa waliougharimia mpango huo. Kampuni ya simu inayoendesha M-Pesa haikutoa hundi ya picha za magazetini tu, maana mtandao wake wa mawakala ndio uliobeba huduma yenyewe hadi kijijini. Ubia wa namna hii una thamani zaidi kuliko kiasi cha fedha kinachoandikwa kwenye mkataba.

Serikali huingia kwa njia nyingine. Chini ya ubia kati yake na CCBRT, watumishi wa umma huweza kuazimwa hospitalini, na hospitali nayo hubeba wagonjwa wa rufaa. Mshahara unaolipwa na hazina hauishi mradi unapoisha, na hiyo ndiyo nguvu yake. Wagonjwa wenye bima au wanaolipa taslimu huchangia pia, kwa kuwa ziada inayopatikana kwao hupunguza gharama za wasio na kitu. Nchini Kenya, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa 1958, kilifuata njia ya karakana, ambapo viti mwendo hutengenezwa humo humo nchini na kazi za mikono za Bombolulu, Mombasa, huuzwa kwa watalii.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 iliweka mfuko wa taifa kwa ajili yao. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Fedha za mikopo hiyo hazilipii upasuaji wala viatu, ila humwezesha aliyetibiwa kufungua biashara, jambo ambalo hospitali haiwezi kulifanya peke yake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa, na vikundi vilivyokuwa vikisubiri viliachwa njiani.

Kutegemea chanzo kimoja ni hatari iliyo dhahiri tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa agizo moja tu. Kwa sababu hiyo mkataba mzuri wa ubia hutaja mambo ambayo pande zote hupenda kuyaahirisha: notisi ya kujitoa ni ya miezi mingapi, vifaa vinabaki kwa nani, nani anakagua hesabu, na watoto walio katikati ya matibabu watapata wapi viatu vinavyofuata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unataka wenye ulemavu wenyewe washirikishwe kupitia vyama vyao katika maamuzi yanayowahusu. Kwa hiyo vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, vinastahili kuwepo masharti hayo yanapoandikwa, kabla hayajatiwa saini.