Kwa Nini Breki ya Nyuma ya Pikipiki Hukataa Kuachia

Breki ina kazi mbili. Ya kwanza ni kulikamata gurudumu dereva anapokanyaga pedeli. Ya pili ni kuliachia kabisa anapoondoa mguu. Aghalabu watu huipima breki kwa kazi ya kwanza peke yake na kuisahau ya pili. Hata hivyo, breki isiyoachia hula mafuta, huchakaza vyombo, na mwishowe huweza kumnyima dereva msaada wake pale anapouhitaji zaidi. Chanzo cha kasoro hii si vigumu kukipata, endapo sheria chache za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari zitafuatwa hatua kwa hatua.

Muundo wa breki ya ngoma

Pikipiki nyingi ndogo, zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, ambazo hubeba abiria na mizigo katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, hutumia breki ya ngoma katika gurudumu la nyuma. Ngoma imo ndani ya kitovu cha gurudumu, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vya breki, vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita brekishuu. Viatu hivi havizunguki, kwa kuwa vimeshikizwa kwenye sahani ya breki. Upande mmoja ncha zao huegemea kishikizo. Upande wa pili huibana kemu, yaani kipande cha chuma kilicho bapa. Kemu ikigeuzwa, viatu hutanuka na kugusa ngoma. Hapo msuguano huigeuza nishati ya mwendo kuwa joto.

Pedeli na kemu huunganishwa na ufito wa chuma pamoja na mkono mfupi ulio nje ya sahani ya breki. Dereva anapoondoa mguu, springi zilizovifunga viatu pamoja huvirudisha mahali pake.

Wenzo humsaidia dereva, huipinga springi

Siri ya kasoro hii imo katika nyenzo. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba mguu unakanyaga kwa kani ya nyutoni 200. Ikiwa pedeli inaizidisha kani hiyo mara 4, na mkono wa breki pamoja na kemu vinaizidisha tena mara 10, basi viatu hutanuliwa kwa kani ya nyutoni 8,000, kabla ya kuondoa ile inayopotea katika msuguano wa egemeo.

Sasa itazamwe safari ya kurudi. Ikiwa springi za viatu zina kani ya nyutoni 400, nyenzo zile zile huigawanya kwa 40. Kani inayofika kwenye pedeli ni nyutoni 10 tu, ambayo ni sawa na uzito wa kitu cha kilo moja. Kwa sababu hiyo watengenezaji huongeza springi nyingine kwenye pedeli, na mara nyingi kwenye ufito au mkono wa breki pia. Kutu kidogo, tope lililokauka au grisi iliyoganda, ambavyo mguu wa dereva huvishinda pasipo kuvihisi, hutosha kuishinda springi. Ndiyo maana kasoro nyingi za breki hujitokeza kwanza wakati wa kuachia, wala si wakati wa kukamata.

Hasara yake

Pikipiki na dereva wake wenye jumla ya kilo 200, wakienda kilometa 54 kwa saa, wana nishati ya mwendo ya jouli 22,500. Hicho ndicho kiasi cha nishati ambacho breki huhitaji kuondoa ili pikipiki isimame. Ichukuliwe sasa kwamba breki inakwaruza kwa kani ndogo ya nyutoni 20 kwenye tairi. Katika safari ya kilometa 10 itafanya kazi ya jouli 200,000, ambayo inakaribia kusimamisha pikipiki hiyo mara 9, ingawa pedeli haikuguswa hata mara moja.

Nishati hiyo hutoka katika petroli. Kwa kuwa injini ndogo hugeuza takriban sehemu moja tu kati ya tano ya nishati ya petroli kuwa mwendo, kukwaruza huko kutapoteza karibu theluthi ya lita katika kila kilometa 100. Kwa mtu anayetafuta riziki kwa pikipiki, hasara hiyo hurudi kila siku.

Joto nalo huleta hatari. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu, tabaka la msuguano hupungukiwa na uwezo wake wa kushika, na grisi ya beringi huweza kuyeyuka na kuingia katika breki. Hivyo breki iliyokuwa imekaza kupita kiasi hugeuka kuwa breki isiyokamata, aghalabu kwenye mteremko mrefu na pikipiki ikiwa na mzigo.

Kutafuta chanzo

Kanuni ni moja: libadilishwe jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha matokeo yaangaliwe. Kwanza breki iachwe ipoe. Pikipiki isimamishwe kwenye stendi ya katikati, gia zikiwa huru, kisha gurudumu la nyuma lizungushwe kwa mkono.

1. Pedeli ikanyagwe na kuachiwa. Ikirudi kwa uvivu, kasoro imo katika egemeo lake au springi yake. Egemeo lisafishwe na kutiwa grisi.

2. Nati iliyo mwisho wa ufito ilegezwe mizunguko michache. Gurudumu likizunguka kwa wepesi, breki ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Katika pikipiki nyingi pedeli hutakiwa kushuka milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kuanza kushika. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha mtengenezaji.

3. Ikiwa hakuna mabadiliko, ufito uondolewe na mkono wa breki usukumwe kwa mkono. Usiporudi wenyewe, ekseli ya kemu imeshikwa na kutu au springi za viatu zimechoka.

4. Ikiwa mkono unarudi vizuri na gurudumu bado ni zito, mnyororo uondolewe. Gurudumu likiwa jepesi, mnyororo ulikuwa umekazwa mno. Likibaki zito, beringi, ekseli na viatu vikaguliwe.

Mlio nao husaidia. Mkwaruzo unaosikika mara moja katika kila mzunguko huashiria ngoma iliyopoteza umbo lake la duara. Mkwaruzo usiokatika huashiria breki iliyokazwa mno au viatu visivyorudi.

Sababu mbili zinazosahauliwa

Mnyororo unapokazwa, gurudumu huvutwa nyuma. Urefu wa ufito haubadiliki. Kwa hiyo mkono wa breki huvutwa mbele na viatu hukaribia ngoma. Kila mnyororo unaporekebishwa, breki nayo haina budi kupimwa upya.

Sababu ya pili ni hatari zaidi. Viatu vinapokwisha, kemu hulazimika kugeuka zaidi ili kuvifikisha kwenye ngoma. Baadhi ya watu huuchomoa mkono wa breki na kuurudisha kwenye meno mengine ili viatu vitumike muda mrefu. Kemu ikigeuka kupita kiasi, springi hushindwa kuirudisha, na gurudumu huweza kufungika ghafla barabarani. Katika pikipiki nyingi upo mshale wa kuonyesha kikomo cha viatu. Mshale ukifikia alama yake pedeli inapokanyagwa, viatu vibadilishwe.

Wakati wa kufungua ngoma, vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Baadhi ya viatu, hasa vya zamani, vina asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Jaribio la darasani

Pikipiki ikiwa kwenye stendi, gia zikiwa huru, uzi uzungushwe juu ya tairi la nyuma na ncha yake ifungwe kwenye mizani ya springi. Mwanafunzi auvute uzi polepole ili gurudumu lizunguke kwa mwendo usiobadilika, na mwenzake asome kani kwa nyutoni. Nati ya breki ikazwe nusu mzunguko, na kipimo kirudiwe mara kadhaa. Kila kipimo kitolewe kile cha kwanza, kilichopatikana breki ikiwa imelegezwa kabisa. Tofauti ni kani ya mkwaruzo. Ikizidishwa kwa meta 1,000, hupatikana jouli zinazopotea katika kila kilometa. Grafu ya kani dhidi ya mizunguko ya nati itawaonyesha wanafunzi ni wapi hasa viatu vinaanza kugusa ngoma, na jinsi hasara inavyokua haraka baada ya hapo.