Shida ya Chakula na Bunge la Kaunti: Usingoje Mwezi wa Sita



Mvua ikikosa huwa tunafanya mambo mawili. Tunaomba Mungu, halafu tunangoja lori la msaada. Kuomba tuendelee. Lakini hili la lori limetuzoesha vibaya. Tunakaa kando ya barabara na magunia matupu, na huku pesa za kilimo zinagawanywa kila mwaka pale makao makuu ya kaunti bila sisi kuweko. Leo nataka tuongee juu ya kwenda kwa wale wanaopitisha sheria na bajeti, tuwaambie tunataka nini kabla hawajapitisha.

Kufanya hivyo si kuomba hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kupeleka malalamiko kwa wakuu wa serikali. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15, inasema mtu yeyote anaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Yeyote, hata yule mama asiyejua kuandika.

Angalia hayo maneno, "chini ya mamlaka yake". Hapo ndipo vikundi vingi hujikwaa. Mazao ya shambani, mifugo, magonjwa ya mimea na wanyama na masoko ya ng'ombe ni kazi ya kaunti. Akiba ya nafaka ya taifa na sera ya kilimo ni kazi ya serikali kuu. Kwa hiyo ukimwendea mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA, ukimlilia bei ya mahindi kwenye bohari za Bodi ya Nafaka, atakuitikia vizuri, atakupa soda, na hakuna kitu atakifanya. Hilo mpelekee mbunge au seneta. Yule wa wadi muulize: afisa wa kilimo yuko wapi? Ghala letu je?

Sasa niwaeleze yaliyokipata kikundi kimoja cha akina mama ambacho nimefuatana nacho, huku kwetu Ukambani. Shida yao haikuwa kulima. Walivuna, lakini mvua ikawakuta na mahindi nje, wakayaingiza ndani ya nyumba yakiwa mabichi. Wenye umri wanakumbuka mwaka wa 2004. Mahindi yaliyowekwa na unyevu yalishika sumu ya ukungu, aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa hiyo hawa akina mama walipoona rangi ya kijani kwenye punje hawakubishana. Walimwaga magunia 19. Mmoja wao alirudia ndoo moja usiku, akasaga, kwa sababu watoto walikuwa hawajala. Mungu alimhurumia, hakuna aliyeugua.

Wakaamua kuomba kaunti mashine ya kukausha mahindi na ghala dogo. Nilipowaambia waandike barua, mmoja akanijibu, "Madam, hiyo ni kazi ya watu waliosoma." Hata hivyo waliandika. Tukaipeleka mwezi wa sita. Tulipokewa kwa heshima, tukaambiwa bajeti imekwisha. Nilidhani tunadanganywa. Baadaye nikaisoma Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, nikaona kosa lilikuwa langu mimi niliyewaongoza.

Mwaka wa pesa unaanza tarehe 1 Julai, lakini mambo yanaamuliwa mapema sana. Kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, mpango wa maendeleo wa mwaka huwa umepelekwa bungeni. Kama ghala lako halimo humo, umeanza vibaya. Kufikia tarehe 28 Februari inapelekwa karatasi inayosema kila idara isipitishe kiasi gani, kilimo hiki, barabara hiki. Tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yanafika, na bunge linapaswa kuyapitisha kabla ya mwisho wa Juni. Kufikia hapo, wajumbe wakitaka kuongeza mahali ni lazima wapunguze kwingine. Nani atakubali barabara yake ikatwe kwa ajili ya mahindi yako, na hujawahi kuonana naye?

Basi barua iende mapema. Iandikiwe Karani wa Bunge la Kaunti, na nakala mpe mwakilishi wa wadi mkononi. Kiswahili kinatosha, wakili hahitajiki. Semeni ninyi ni nani, mnaishi wapi, shida ni nini, mmekwisha kuiendea ofisi gani mkajibiwa nini, na mnataka bunge lifanye nini. Ombi liwe moja. Nimeona barua yenye mambo kumi na moja, kuanzia ghala hadi taa za sokoni. Hiyo haisomwi. Wekeni majina, namba za vitambulisho na sahihi. Asiyeweza kuandika aweke kidole gumba. Matusi hapana. Na jamani, kadi za vyama ziacheni nyumbani! Na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo kesho mtaambiwa haikufika.

Jambo lingine wengi hawalijui. Sheria hiyo hiyo ya fedha, sehemu ya 137, imeweka Baraza la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti, na mashirika ya dini yana nafasi humo. Ulizeni parokiani ni nani anayetuwakilisha, na aliongea nini mara ya mwisho.

Wale akina mama walirudi tena. Safari hii walianza mwezi wa nane, wakafika tena wa pili, na wa nne wakajaza viti vya nyuma kwenye kikao cha wananchi. Mashine ikaingia kwenye bajeti. Ghala likaachwa nje. Walinuna kidogo, lakini tayari wamelipangia mwaka ujao.

Hiyo mashine yenyewe haijafika. Jumanne iliyopita tumepeleka barua nyingine tukiuliza pesa ziko wapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Mweka hazina wa kikundi ameiandika tarehe nyuma ya daftari la michango, na anahesabu.