Jioni Kando ya Mto

Giza linapoanza kuingia ndipo wengi wetu tunapohangaika zaidi. Moto haujashika, watoto hawajaoga, na mgonjwa wa ndani anangoja dawa yake. Leo tunapenda kukupa habari za muziki uliotungwa kwa ajili ya saa hiyo hiyo, na za mama aliyeishi mahali ulipotungwa.

Muziki huo unaitwa "Usiku wa Kiangazi Mtoni". Ulitungwa mwaka 1911 na Mwingereza Frederick Delius, aliyeishi katika kijiji cha Grez-sur-Loing, Ufaransa. Bustani ya nyumba yake iliteremka hadi mto Loing. Kiangazi huko jua huchelewa kuzama, na mwanga hukawia juu ya maji.

Okestra yake ni ndogo, na hakuna anayeimba. Fidla zinapigwa kwa sauti ya chini, zikiyumba polepole kama mtumbwi uliofungwa ukingoni. Filimbi zinaingia kidogo kidogo, kama wadudu wa jioni. Baadaye fidla kubwa yenye sauti nzito, iitwayo selo, inasikika peke yake. Kisha zote zinafifia. Ni dakika saba hivi tu. Muziki huo ulipigwa hadharani mara ya kwanza mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1913.

Nyumba ile ilinunuliwa mwaka 1897 na Jelka Rosen, mchoraji wa picha, ambaye aliolewa na Delius mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 Delius alipooza na kupofuka. Jelka aliacha kuchora kwa sehemu kubwa, akawa anamuuguza mumewe, akimsomea vitabu na kumwandikia barua. Mume hakuuona tena mto, lakini alitolewa bustanini katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1928 alifika kijana wa miaka 22, Eric Fenby, aliyejitolea kuandika muziki ambao mgonjwa aliutaja kwa mdomo. Delius alifariki mwaka 1934. Jelka, naye akiugua saratani, alimfuata mwaka 1935.

Sisi tunaouguza wagonjwa tunawajua akina Jelka wengi. Wanajua saa ya dawa ya kila mtu nyumbani, lakini maumivu yao wenyewe wanayaahirisha mpaka yanawalaza.

Kwa hiyo, mama, akitokea Fenby wako, awe mdogo wako, jirani au kijana wako mkubwa, mpokee na umwachie kazi. Ukiwa na maumivu yasiyokwisha, usingoje, nenda ukapimwe. Na jioni ya leo, toa kiti nje. Mgonjwa wako akiweza, mtoe naye. Kaeni dakika saba tu, mkisikiliza giza linavyoingia.