Shahada ya Sheria: Jina la Chuo na Deni la Bodi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mwenye ndoto ya uwakili huandika Mlimani kwanza. Ana sababu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndicho hicho Mlimani, kilianza na kitivo cha sheria, mwaka 1961 katika Mtaa wa Lumumba, na katika kitivo hicho ndipo walipopita akina Issa Shivji na Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

Tofauti na Marekani, ambako jina kubwa huendana na ada kubwa, kwetu Tanzania chuo chenye heshima kuliko vyote ni cha umma. Kwa hiyo ukipata Mlimani, Mzumbe au Dodoma, usihangaike na deni la jina. Hesabu ngumu inamkabili aliyekosa huko, akapata chuo binafsi cha mbali na nyumbani, huku Bodi ya Mikopo imempa sehemu tu ya ada. Pengo hilo ndilo linalouza viwanja na ng'ombe wa familia.

Mkopo wenyewe una nafuu kuliko zamani. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikilivimbisha deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Lakini makato ya asilimia 15 ya mshahara, yaliyopandishwa kutoka 8 mwaka 2016, yapo palepale. Tuseme unadaiwa shilingi 14,400,000 na mshahara wako ni 800,000: utakatwa 120,000 kila mwezi kwa miaka 10. Na boom, ile fedha ya chakula na malazi ambayo wengi huitumia kama zawadi, imo ndani ya deni hilo.

Je, jina litalipa? Serikalini halilipi. Wakili wa Serikali anayeanza kazi analipwa kwa ngazi ya kada yake, awe ametoka Chuo Kikuu cha Iringa au cha Dar es Salaam. Kwenye ofisi kubwa za mawakili jijini jina husaidia, kwa kuwa wenye ofisi huwafahamu wahadhiri na huwaamini wanafunzi wao. Faida hiyo ni ya kweli, ila nafasi zenyewe ni chache mno kuuziwa shamba.

Zaidi ya hayo, shahada peke yake haikuapishi. Lazima upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile wote tunayoiita Law School, na huko mtihani ni mmoja kwa wote. Mwaka 2022 nchi ilishtuka: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine walirudi kwa sapu au kuondolewa kabisa. Kurudia maana yake ni miezi mingine ya chumba, chakula na nauli Dar es Salaam, kabla hujapata mteja wa kwanza. Chuo cha bei nafuu kinachofundisha ovyo kitakugharimu hapo.

Ndiyo maana naweka ufundishaji mbele ya jina. Aliye kazini tayari aangalie Chuo Kikuu Huria, asome huku mshahara unaingia. Aliyekosa vyuo vya umma, kabla ya kuthibitisha udahili, aulize wahitimu wa chuo hicho wanafanyaje Law School. Wakishindwa kumjibu, asipeleke fedha yake huko.