Mke Ameuawa, Macho Yote kwa Mume: Kesi ya Liverpool ya 1931 na Sheria ya Leo



Mtu akiuawa ndani ya nyumba na muuaji asijulikane, jicho la kwanza la polisi humwangukia yule aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Hilo si la kustaajabisha. Mume na mke ndio wenye funguo, ndio wanaojua saa za kutoka na kurudi, na ugomvi wao mara nyingi hauna shahidi. Lakini baina ya kumtazama mtu kwa shaka na kumtia hatiani kuna masafa marefu, na wengi wetu hatuyajui, kwa kuwa sheria ya nchi hii tumeikuta na hatukusomeshwa. Barazani huulizwa: Je, mke aweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe? Anayeshukiwa hurithi? Na mahakama ikimwachia, jambo limekwisha? Nimeona niyajibu haya kwa kupitia kesi moja mashuhuri ya Liverpool, ambayo muuaji wake hajapatikana hadi leo.

William Herbert Wallace alikuwa ajenti wa kampuni ya bima ya Prudential, mtu wa miaka 52, mpole, mwenye maradhi ya figo, apendaye kucheza sataranji. Aliishi na mkewe Julia mtaa wa Wolverton, Anfield. Hawakuwa na watoto. Jioni ya Jumatatu, 19 Januari 1931, simu ilipigwa katika mkahawa ambamo chama chake cha sataranji kilikuwa kikikutana. Wallace alikuwa hajafika. Mpigaji alijiita R. M. Qualtrough, akaacha ujumbe kwamba Wallace aende kwake kesho yake, saa 1 na nusu usiku, nyumba nambari 25, Menlove Gardens East, kwa shughuli ya bima.

Jumanne jioni Wallace alitoka, akapanda tramu moja baada ya nyingine hadi upande wa pili wa mji. Alikuta Menlove Gardens North, South na West. East haikuwako. Aliuliza watu njiani, akamuuliza na polisi mmoja, kisha akarudi. Saa 3 kasorobo usiku alikuwa mlangoni kwake, akawaambia majirani kwamba milango inakataa kufunguka. Mlango wa nyuma ulipofunguka akaingia, akamkuta Julia chumba cha mbele, amepigwa kichwani hadi kufa. Chini yake palikuwa na koti la mvua la mumewe, limeungua sehemu.

Polisi waliifuatilia ile simu, wakagundua kuwa ilipigwa kutoka kibanda kilicho hatua chache kutoka nyumbani kwa Wallace mwenyewe. Hapo ndipo mwathirika alipogeuka mshukiwa. Walisema Qualtrough ni yeye, kajipigia simu ili apate kisingizio cha kuwa mbali. Tarehe 2 Februari akakamatwa.

Tuupime ushahidi huo. Mvulana wa maziwa alimwona Julia yu hai baada ya saa 12 na nusu jioni. Saa 1 na dakika chache Wallace alikuwa tayari ndani ya tramu, mbali na nyumbani. Katika muda huo mfupi ilibidi aue, ajisafishe na afike kituoni, na wala nguo alizovaa hazikuwa na tone la damu. Upande wa mashtaka ukadokeza kwamba aliua akiwa uchi, amejifunika lile koti. Sababu ya kumuua mkewe haikuonyeshwa, wala fedha za maana za kutamaniwa hazikuwapo. Daktari wa serikali naye kwanza alikisia kifo kilitokea karibu na saa 2 usiku, baadaye akarudi nyuma hadi saa 12 jioni.

Basi kilichomponza ni nini? Kwanza, utulivu wake. Askari na daktari walieleza mahakamani jinsi alivyokuwa kimya usiku ule, akivuta sigara, na hata kumpapasa paka wake, wakati maiti ya mkewe imelala chumba cha pili. Hapa yafaa sisi tusimame kidogo. Katika malezi yetu, mtu aliyefiwa akajizuia, akamshukuru Mola na kunyamaza, husifiwa kwa subira. Mbele ya watu wasiomjua, ukimya ule ule waweza kusomwa kuwa ni moyo mkavu. Na anayepiga ukelele na kujitupa chini naye husemwa kuwa anaigiza. Uso wa mfiwa si hati ya kusomwa, lakini watu huusoma.

La pili ni ulimi wake. Siku mbili baada ya mauaji alikutana kituoni pa tramu na nahodha wa chama cha sataranji, yule aliyepokea simu, akamuuliza simu hasa ilipigwa saa ngapi, akimwambia kuwa polisi wameshamwondolea shaka. Maneno hayo yakafika polisi. Alipoulizwa kwa nini aliyasema, akajibu kuwa kila mtu huwa na fikira zake na kwamba kweli amekosa busara. Jibu hilo nalo likaandikwa, likasomwa mahakamani.

Kesi ilisikilizwa katika jengo la St George's Hall kuanzia 22 Aprili 1931. Jaji Wright alipowaeleza wale raia 12 wa baraza, ambalo huku huitwa juri, maneno yake yalielekea kuachiliwa kwa mshitakiwa. Juri wakatoka, na baada ya kama saa moja wakarudi na neno la hatia. Wallace akahukumiwa kunyongwa. Wafanyakazi wenzake, ambao chama chao kilimchangia gharama za utetezi, hawakumwacha. Rufaa ikapelekwa London.

Mwezi Mei 1931 Mahakama ya Rufaa ya Jinai, chini ya Jaji Mkuu Hewart, ilifanya jambo ambalo haijapata kulifanya katika kesi ya mauaji: iliifuta hukumu kwa kuwa haikuweza kusimama juu ya ushahidi uliotolewa. Haikusema kuwa mtu huyu ni safi, wala haikumtaja muuaji mwingine. Ilisema, kwa maana yake, kuwa kazi ya mahakama si kupima shaka, hata ikiwa nzito kiasi gani, bali ni kuuliza kama kosa limethibitishwa. Halikuthibitishwa. Wallace akatoka akiwa huru.

Natoka sasa katika historia na kuingia katika mambo ya leo. Ninayoyaeleza ni sheria ya England na Wales. Uskochi wana yao.

Mwenye kuitwa polisi kuhojiwa kama mshukiwa, awe amekamatwa au amekwenda kwa hiari yake, ana haki ya wakili bila malipo, kwa sheria ya 1984. Asiyekimudu Kiingereza ana haki ya mkalimani. Wapo wanaoona haya kumwomba wakili, wakidhani kuwa kufanya hivyo ni kukiri. Si kukiri. Aidha, baada ya sheria ya 1994, onyo linalosomwa kwa mshukiwa lina sehemu mbili: hulazimiki kusema, lakini ukilinyamazia leo jambo utakalolitegemea kesho mahakamani, juri waweza kuufikiria ukimya huo dhidi yako. Kwa hiyo kusema kuna hatari yake na kunyamaza kuna hatari yake, na ndiyo maana wakili atangulie kabla ya mahojiano. Hata hivyo, mtu hawezi kutiwa hatiani kwa ukimya peke yake. Polisi waweza kumzuia mshukiwa saa 24, ofisa mkubwa akaongeza hadi 36, na kwa kibali cha mahakama isizidi saa 96. Baada ya hapo ni kumshitaki au kumwachia.

Sasa lile swali la mke na mume, na hapa nawaomba msome kwa makini. Chukulia mume anashukiwa kumuua mtu baki, na mke anajua kitu. Je, atalazimishwa kusema? Kwa sheria hiyo ya 1984, mke au mume anaruhusiwa kutoa ushahidi kwa upande wa mashtaka akitaka, lakini kwa kawaida halazimishwi. Hulazimishwa pale kosa linapohusu kushambuliwa au kujeruhiwa kwa mwenzi huyo mwenyewe au kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, au kosa la kingono kwa mtoto kama huyo. Akikataa kutoa ushahidi, mwendesha mashtaka haruhusiwi kukuzungumzia kukataa kwake mbele ya juri.

Lakini mke ni nani? Ni yule anayetambuliwa na sheria ya nchi. Ndoa iliyofungwa Unguja, Mombasa au Maskati, ikiwa sahihi kwa sheria ya huko, kwa kawaida hutambuliwa hapa. Nikaha iliyofungwa hapa sebuleni au ukumbini, bila ya taratibu za usajili, ni nikaha mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini mahakama haiihesabu kuwa ndoa. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo tena mwezi Februari 2020. Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1987, mwanamke aliyefungishwa nikaha na mwanamume mwenye mke tayari alihesabiwa kuwa ni shahidi kama shahidi mwingine yeyote, naye akalazimika kusema. Kinyume chake, mwanamke aliyepewa talaka ya mdomo hapa Uingereza bado ni mke kwa serikali hadi mahakama ya nchi iivunje ndoa. Na ikishaivunja, aweza kulazimishwa kusema hata yale aliyoyaona siku za ndoa. Dada zetu wengi hushughulikia usajili pale tu linapokuja suala la nyumba au viza. Hili nalo ni katika sababu.

Na asije mtu akadhani kuwa ruhusa ya kutotoa ushahidi ni ruhusa ya kusema uongo. Mke anayefua nguo zenye damu ili kuficha ushahidi, au anayewaambia polisi kuwa mume alikuwa nyumbani hali ya kuwa hakuwapo, aweza kushitakiwa yeye mwenyewe.

Maiti nayo. Kifo cha kutiliwa shaka humo mikononi mwa ofisa wa uchunguzi wa vifo, na upasuaji huamriwa hata jamaa wakikataa. Mshukiwa akishapatikana, mawakili wake nao waweza kuomba uchunguzi wa pili. Mazishi huchelewa, na ni uchungu mkubwa kwetu. Kugombana na wahudumu wa chumba cha maiti hakusaidii. Mwandikieni ofisa huyo mapema, mkieleza mahitaji ya dini.

Tuje kwenye mirathi, na kwa bahati Liverpool inatupa mfano mwingine. Florence Maybrick alitiwa hatiani mwaka 1889 kwa kumuua mumewe James kwa sumu. Fedha za bima ya maisha ya mume ziliandikwa kwa jina la mke. Mahakama ya Rufaa, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1892, ilikataa asizipate, kwani mtu hawezi kuvuna kwa jinai yake. Lakini kampuni nayo haikuachiwa izile, bali ililipa wasimamizi wa mali ya marehemu. Kanuni hiyo ingali hai. Sheria ya 1982 iliwapa majaji uwezo wa kuilegeza kwa baadhi ya waliosababisha kifo, ila si kwa aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wametangulia katika hili: muuaji hamrithi aliyemuua, wala hawatofautishi sana baina ya kusudi na bahati mbaya. Lakini mshukiwa si muuaji, na yakini haiondolewi kwa shaka. Yatosha kukumbuka kisa cha Abdallah bin Sahl, aliyekutwa ameuawa Khaybar zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Jamaa zake waliwatuhumu watu wa huko. Wakatakiwa waape viapo hamsini, nao hawakukubali kuapia jambo wasilolishuhudia. Mtume alilipa dia yeye mwenyewe, ili damu isipotee bure na asihukumiwe mtu pasipo uthibitisho.

Hata hivyo, mwenye kuachiwa katika kesi ya jinai asidhani kuwa milango yote imefungwa. Jinai yataka uhakika. Kesi ya madai yataka tu kuonyesha kuwa jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Marekani, O. J. Simpson aliachiwa Oktoba 1995 katika shitaka la kumuua mtalaka wake na mtu mwingine. Februari 1997 mahakama ya madai ikamwona anawajibika kwa vifo hivyo, na fidia ikafika dola milioni 33.5. Hapa Uingereza vivyo hivyo ugomvi wa mirathi au malezi ya watoto waweza kuamuliwa kwa kipimo hicho chepesi, hata kama hakuna aliyetiwa hatiani. Na mauaji hayachakai kwa muda: tangu 2005 aliyeachiwa aweza kushitakiwa tena ukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu, kwa idhini ya Mahakama ya Rufaa.

Wallace hakushitakiwa tena. Alirudi kazini, lakini wateja aliokuwa akiwapitia mlango kwa mlango walimkwepa, na kampuni ikampa kazi ya ofisini. Alihamia Bromborough, ng'ambo ya mto Mersey. Figo zilimzidi, akafariki tarehe 26 Februari 1933, hata miaka miwili haijatimia tangu rufaa yake. Wamezikwa kaburi moja, yeye na Julia, katika makaburi ya Anfield.