Kuhamisha Sauti za Kaseti katika Kompyuta: Mazingatio ya Mwanafunzi wa Lugha huko Watamu

Makala haya yanaeleza namna ya kuhamisha sauti zilizorekodiwa katika kaseti na kuzihifadhi katika kompyuta ya nyumbani. Mafundi wa muziki wamekwisha kuandika mengi juu ya jambo hili, lakini shabaha yao ni kupata wimbo unaopendeza sikioni. Shabaha ya mwanafunzi wa lugha ni nyingine, na pengine hupingana na ile ya fundi. Fundi akiuondoa mvumo wa utepe huhesabu kuwa amefanya kazi njema. Kumbe pamoja na mvumo huo huenda ameondoa sauti ambayo ndiyo iliyolitenga neno moja na jingine.

Watamu imechukuliwa kuwa mfano kwa sababu ya lugha zake na hewa yake. Ni mji mdogo kusini ya Malindi, uliokaa baina ya bahari na hori ya Mida, si mbali na magofu ya Gede. Hapo wanakaa Waswahili, wakiwamo wenye asili ya Kibajuni, pamoja na Wagiriama. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa hadharani mwaka 1963, ilienea pwani hii kuliko chombo chochote cha kurekodia kilichoitangulia. Watu walinunua kaseti za taarabu kutoka Mombasa, ambako duka la Mbwana Radio Service lilijulikana sana kwa biashara hiyo. Wakarekodi maulidi, mawaidha, arusi na ngoma. Na waliokwenda kufanya kazi Arabuni walizitumia kama barua, wakizungumza na jamaa zao kwa muda wa upande mzima wa utepe. Barua hizo hazikuwa na mtazamaji wala mhariri. Kwa mwanafunzi wa lahaja zina thamani kubwa kuliko hata nyimbo.

Ili kufahamu kinachoweza kupotea, yafaa kukumbuka upungufu wa maandishi ya Kiswahili Sanifu. Maandishi hayo hayaonyeshi mpumuo. Neno paa, kwa maana ya sehemu ya nyumba, hutamkwa bila mpumuo. Paa, kwa maana ya mnyama, hutamkwa kwa pumzi inayotoka baada ya midomo kuachana. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa pwani. Msemaji wa Kimvita hahitaji kusubiri sentensi iishe ili ajue ni yupi anayetajwa. Vivyo hivyo lahaja za Kimvita na Kiamu hutofautisha t ya meno na t ya ufizi: macho huko huitwa mato, na t yake ni ya meno, lakini herufi inayoandikwa ni ile ile moja. Diwani ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, iliyochapishwa mwaka 1971, humpa msomaji maneno na mizani, haimpi mpumuo. Mashairi mengi ya Ahmad Nassir yaliimbwa na Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014, na ni katika kaseti hizo ambamo matamshi yanaweza kusikika. Kaseti, basi, ni ushahidi ambao kitabu hakina.

Ushahidi huo ni mwembamba mno. Baina ya p yenye mpumuo na isiyo nayo kuna pumzi hafifu tu, inayodumu sehemu ndogo sana ya sekunde, na kwa umbo lake pumzi hiyo hufanana na mvumo wa utepe wenyewe. Tofauti ya t ya meno na t ya ufizi nayo hutegemea zaidi mitetemo ya juu, maelfu kadhaa kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayotangulia kufa kaseti inaponakiliwa ovyo. Kaseti nyingi zilizofika Watamu zilikuwa tayari ni nakala, pengine nakala ya nakala. Kilichobaki hakistahimili uzembe.

Jambo la kwanza la kushughulikia ni kichwa cha kusomea, yaani kile kipande cha chuma kinachougusa utepe. Ufa mwembamba ulio katika kichwa hicho yapasa usimame wima kabisa juu ya utepe, kama ulivyosimama ufa wa mashine iliyorekodi. Ukiinama hata kidogo tu, mitetemo ya juu hufifia, na msemaji husikika kama aliyefunikwa kitambaa mdomoni. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo ya kurekebishia. Anayehamisha huicheza kaseti, akaunganisha pande mbili za sauti ziwe moja, akasikiliza s na sh za msemaji huku akiigeuza skrubu polepole sana, mpaka sauti hizo ziwe kali kuliko popote pengine. Hana budi kufanya hivyo kwa kila kaseti, kwani kila moja ilirekodiwa kwa mashine yake, na mashine za majumbani zilitofautiana kama watu wake. Ni vema kuitia alama skrubu kabla ya kuigusa, na kutumia mashine ambayo mwenyewe hataisikitikia sana.

Kabla ya hapo kaseti yenyewe ichunguzwe. Hewa ya chumvi hula skrubu na kile kibanzi cha shaba kinachousukuma utepe ugusane na kichwa. Gundi ya kijisufi kilicho juu ya kibanzi hukauka, kijisufi kikaanguka, na sauti ikawa hafifu. Dawa yake ni kuuhamishia utepe katika ganda jingine lenye skrubu. Kaseti zilizofungwa kwa gundi itabidi zipasuliwe kwa uangalifu. Utepe ulioota ukungu usichezwe mpaka usafishwe, kwani ukungu huambukiza mashine, na mashine ikaambukiza kaseti nyingine. Kazi hii hufanywa vizuri zaidi wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kuliko siku za masika. Vile vijibanzi vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti vivunjwe kwanza, ili kidole kikiteleza kisije kikafuta kilichotafutwa.

Kuna namna moja ya kaseti inayohitaji maelezo marefu zaidi, nayo ni ile ya mikondo minne. Kaseti ya kawaida ina mikondo miwili kila upande: utepe ukienda huku husomwa miwili, ukigeuzwa husomwa miwili iliyobaki. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilitoa mashine iliyoitwa Portastudio 144, ambayo ilirekodi mikondo yote minne kwa mwelekeo mmoja, na kwa mwendo maradufu: sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.76. Kaseti ya dakika 60 ikawa na dakika 15 tu za kurekodi. Kikundi kiliweza kuimba mkondo mmoja, kikapiga ala katika mwingine, kisha kikavichanganya mwishoni. Mashine zilizofuata hazikulingana zote. Porta One ya mwaka 1984, kwa mfano, ilitumia mwendo wa kawaida.

Mtu akiikuta kaseti ya namna hii na kuitia katika redio ya nyumbani, atadhani imeharibika. Atasikia mikondo miwili ikienda mbele kwa sauti nzito iliyoshuka oktava nzima, na akigeuza upande atasikia maneno yakitamkwa kinyumenyume. Kaseti nyingi zimetupwa kwa dhana hiyo. Kwa hakika hakuna kilichoharibika. Zikipatikana mashine ya asili na kifaa cha kuunganishia kompyuta chenye milango minne, mikondo yote huingia pamoja kwa mara moja, na hiyo ndiyo njia bora. Isipopatikana, pande zote mbili huingizwa kwa mashine ya kawaida, kisha programu ya kompyuta, kama vile Audacity ambayo hupatikana bila malipo, huamrishwa kuugeuza upande wa pili na kuzidisha mwendo mara mbili.

Njia hii ya pili ina kasoro zake. Mwendo wa mashine ya kawaida haulingani sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mikondo iliyopangwa vizuri mwanzoni huanza kuachana baada ya dakika chache, kama wapiga makasia waliokosa nahodha. Anayechunguza jinsi mizani ya shairi inavyopatana na mapigo ya ngoma hawezi kuitegemea. Lakini anayetaka matamshi peke yake hapungukiwi sana, kwa kuwa mkondo wa mwimbaji umesimama mbali na udi, fidla na ngoma. Jambo hilo halipatikani katika kaseti ya arusi, ambamo dumbaki hupiga juu ya kila t. Kasoro nyingine ni kwamba mashine hizi zilitumia vipunguza-mvumo, Dolby katika 144 na dbx katika 244 ya mwaka 1982; sauti iliyopitishwa humo wakati wa kurekodi yapasa ifunguliwe kwa mfumo ule ule wakati wa kucheza, na hayo hayafanyiki ipasavyo mwendo ukiwa nusu.

Katika kompyuta yenyewe, sauti hukatwa vipande vingi kila sekunde na kila kipande hupewa tarakimu. Vipande 48,000 kwa sekunde, vyenye biti 24 kila kimoja, vinatosha kwa kaseti. Mikondo miwili kwa kiwango hicho huchukua kiasi cha megabaiti 17 kwa dakika, na kaseti ya saa moja huchukua takriban gigabaiti moja. Hilo si tatizo siku hizi, na kwa sababu hiyo hakuna udhuru wa kuhifadhi nakala ya asili katika umbo la MP3. Umbo hilo liliundwa kutupa yale ambayo sikio linadhaniwa kutoyasikia, na sikio lililodhaniwa si la mtu anayetafuta mpumuo. Programu za kusafisha mvumo nazo ziwekwe mbali na nakala hiyo. Atakaye nakala safi ya kustarehesha wageni na aitengeneze pembeni, kwa jina jingine.

Mwendo nao uangaliwe. Rekodi nyingi za vijijini zilifanywa kwa betri, na betri zikichoka mota hupunguza mwendo. Rekodi ile ikichezwa kwa mwendo kamili, msemaji hupanda sauti na kuharakisha kadiri utepe unavyoelekea mwisho. Kigiriama ni lugha yenye toni, na anayechora toni za sentensi ndefu huenda akaandika upandaji ambao ni wa betri. Ikiwa mashine iliyorekodi ilitumia umeme wa nyumba, mara nyingi kuna ngurumo hafifu chini ya sauti, ya mitetemo 50 kwa sekunde kama ulivyo umeme wa Kenya. Ngurumo hiyo, inayomkera fundi, ni kipimo cha bure: ikionekana kuwa 53, mwendo upunguzwe kwa uwiano huo.

Limebaki suala la idhini. Nyimbo za arusi zilizoimbwa na wanawake faraghani, wakijua waliokuwamo chumbani ni kina nani, hazikukusudiwa kila sikio. Kaseti iliyokuwa ikilala sandukuni ilijilinda yenyewe. Faili ya kompyuta huweza kufika Muscat kabla ya adhuhuri. Mwenye kaseti aulizwe kabla ya kuhamisha, na aulizwe tena kabla ya kumpa mtu mwingine nakala, na jibu lake liandikwe pamoja na jina la faili, tarehe, mahali, mashine iliyotumika, na upande wa kaseti. Kaseti yenyewe arudishiwe, hata kama anasema haina kazi tena.